Dalali Kwenye Mlango wa Marehemu

Binamu yangu Rumyana alinipigia simu kutoka Hispania, anakomtunza bibi mmoja tajiri asiyetaka kuoga wala kufa.

"Dada Zdravka, nimepata dalali wa kunipangishia fleti ya mama. Ana nyota tano kwenye mtandao."

"Kapewa na nani hizo nyota?"

"Na wateja wake."

"Wateja, au shangazi zake?"

Akacheka kidogo, nikajua ameshaingiwa na wasiwasi. "Basi wewe mpime," akasema. "Mtazame wakati anawaonyesha watu fleti, halafu uniambie ni mtu au si mtu. Nikishasaini naye, funguo za mama ziko mkononi mwake mwaka mzima, na mimi niko huku nambadilisha nepi bibi wa watu."

Sikushangaa kuombwa. Mimi ndiye msimamizi wa jengo letu hapa mjini Plovdiv, yaani ndiye ninayegonga fleti moja moja kukusanya hela za taa za ngazi kutoka kwa watu wanaoapa kwamba wao hupanda gizani. Na kabla ya kustaafu nilikuwa muonja jamu kiwandani. Ukoo mzima unaamini kwamba aliyeonja jamu maisha yake yote hawezi kukosea kuhusu binadamu. Sijawahi kuwasahihisha. Heshima yenyewe siku hizi unaipata wapi?

Dalali akaja Jumatatu. Jina lake Venelin. Miaka thelathini na kitu, suruali imembana utadhani kaazima kwa mdogo wake, viatu vya ncha vinavyoweza kuua mende kwenye pembe ya ukuta, na marashi yaliyofika ghorofa ya tatu kabla yake. Alipofika mlango wa chini akasimama. Pale mlangoni, tunapowabandika marehemu wetu, palikuwa na karatasi ya msiba ya mzee Gancho wa ghorofa ya kwanza, tuliyemzika mwezi wa tisa: picha, fremu nyeusi, jina, umri, mke aliyemwacha. Kijana akaisoma yote, mpaka mwisho, akashusha pumzi. Nikasema moyoni, huyu kalelewa. Vijana wengine wanapita mbele ya karatasi ya msiba kama wanapita mbele ya bei ya vitunguu. Nikampa nyota moja papo hapo, bila kuombwa.

Tulipokuwa tunapanda nikamdadisi ukoo wake, si ndivyo mtu anavyopimwa? Mama yake, Tsonka, ni kondakta mstaafu wa mabasi, yuko mji jirani wa Asenovgrad. Baba alikula kona zamani. Venelin aliuza sufuria za nyumba kwa nyumba, halafu akauza mashine za kufyonza vumbi, halafu vidonge vya kupunguza tumbo, mpaka tumbo lake mwenyewe likamharibia soko. Ndipo akaenda kwenye semina ya siku mbili hotelini, akarudi dalali. Huko walimkataza kabisa kutaja neno nyumba.

"Sisi hatupangishi nyumba, shangazi," akaniambia, mkono kifuani. "Tunapangisha mtindo wa maisha."

"Sasa lifti ikikwama nimwite fundi wa lifti, au fundi wa maisha?"

Akacheka kwa moyo wote. Ubaya wa Venelin ndio huo: ukimtukana anacheka, ukimsifu anacheka, ukimfungia mlango anakushukuru kwa muda wako. Uso mkavu kama mkate wa juzi.

Ndani ya fleti akafanya kazi yake, na sitamnyima haki yake, alifanya. Alizificha chupa za achari za marehemu mama yake Rumyana chini ya kitanda. Zulia la ukutani akalishusha. Akawasha mshumaa wa mdalasini, akachuchumaa kwenye kona ya bafu, simu juu ya kichwa, akapiga picha. Jioni nikaiona ile picha mtandaoni. Toba! Bafu ambalo mtu ukiinama kunawa uso makalio yanafungua mlango, limekuwa bwawa la kuogelea. Roshani iliyozibwa kwa vioo vya gari bovu aliiandika "bustani ya majira ya baridi." Na mimi nilikuwemo, ndugu zangu. Aliandika: "Jirani mwenye upendo anayekaribisha wageni."

Nikampigia. "Nani kakwambia nina upendo?"

"Unao, shangazi. Haujapata tu wa kuutangaza."

Watu wakaanza kuja kutazama. Siku za wateja akatukataza kuchoma pilipili hoho roshanini. Oktoba, mwezi wa kutengeneza achari! Plovdiv! Akapita mlango kwa mlango, mikono imekunjwa kifuani kama anaomba mchango wa kanisa, eti moshi unashusha hadhi ya jengo. Watu wa ghorofa ya tano wakamwambia wao hadhi yao iko ndani ya chupa, wanaila wakati wa theluji, akitaka aje Januari aombe. Akacheka, akawashukuru.

Sasa niwaambie habari ya bibi Penka, maana ndiyo iliyonikaa kooni.

Penka ni mjane wa Gancho. Miguu yake imekufa ganzi, hashuki ngazi ila kwa shida, na dirisha lake la jikoni liko juu kidogo ya mlango wa chini. Gancho alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, Dimo, anayeishi mtaa wa nyuma, na walikuwa hawasemezani miaka kumi na mitano kwa sababu ya mtungi wa shaba wa kupikia rakia, pombe yetu kali ya matunda. Baba yao aliuacha bila kusema ni wa nani. Wanaume wawili wenye mvi, kila mmoja anaweza kununua mitungi miwili akitaka, lakini wapi! Wakipishana dukani kila mmoja anatazama dari.

Gancho alipokuwa anakata roho alimshika mkewe mkono, akasema, "Dimo aje aniwashie mshumaa." Ndilo neno la mwisho alilotamka. Lakini Dimo mwezi ule alikuwa kijijini kuvuna zabibu, hakujua, tukamzika Gancho bila yeye. Ikabaki arobaini.

"Mpigie simu," nikamwambia Penka.

"Simpigii." Akanitazama kama nimemwambia aende sokoni na nguo ya kulalia. "Zdravka, tangu lini mtu anaalikwa msibani? Msiba hauna kadi. Unabandikwa mlangoni, mwenye moyo atasoma, atakuja. Nikimpigia, atakuja kwa ajili ya simu. Nataka aje kwa ajili ya nduguye."

Ndivyo tulivyo huku, na mimi ningesema vilevile. Kwa hiyo ilipobaki wiki moja nikaenda kuchapisha karatasi ya arobaini: Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisani, baadaye chakula nyumbani kwa marehemu. Dimo alikuwa amesharudi kutoka kijijini, na kila asubuhi hupita mbele ya mlango wetu kwenda kununua mkate. Ile ya mazishi nilikuta haipo, nikadhani ni upepo; nikabandika mpya usawa wa macho yake.

Asubuhi yake haipo!

Nikachapisha nyingine, nikaibandika jioni. Asubuhi haipo. Nikasema huyu ni Asparuh wa ghorofa ya nne, anayechukia kila kitu kinachohusu kanisa. Nikampandia, nikamwambia maneno ambayo hata mbwa wake aliinamisha kichwa. Asparuh akaapa kwa kaburi la mama yake. Sikumwamini, maana mama yake yuko hai, anaishi Burgas. Jumanne jioni nikabandika ya tatu, kwa gundi ya mbao.

Penka sikumwambia. Ningemwambiaje? Alikuwa anakaa dirishani tangu alfajiri, shingo nje, anasubiri kofia ya Dimo itokee kwenye kona.

Huku nyuma Venelin naye alikuwa amepata wazo. Alirudi semina ya pili, akaelezwa kwamba dalali hauzi huduma, anauza sura yake. Basi akapiga picha studio, suti nyeusi, uso umetulia, macho yanatazama mbali. Akaichapisha kubwa, akaizungushia fremu nyeusi ya kifahari, chini yake jina: VENELIN TSONKOV. Na chini ya jina, kwa herufi nyembamba sana za kisasa, maneno: "Daima pamoja nanyi."

Akaibandika kwenye milango ya mtaa mzima. Kwetu akaiweka palepale panapokaa wafu.

Niliipita mara ya kwanza nikapiga ishara ya msalaba, ndipo nikamtambua. Nikamwita. "Wewe mtoto una akili? Umejibandika maiti!"

"Ni fremu ya kifahari, shangazi. Huko Ulaya magharibi nyeusi ndiyo heshima."

"Huko magharibi labda. Hapa nyeusi ni jeneza. Weka hata ya kijani."

"Nimeshachapisha mia mbili."

Kesho yake, wakati anamwonyesha fleti mwanamke mmoja mwenye macho makali, mhasibu, nami nikiwa ngazini, nikasikia kilio kutoka chini. Si kilio cha mchezo. Mama mnene mwenye kitambaa cheusi anapanda, anashika ukuta, anaita, "Vencho! Vencho wangu! Mtoto wangu umeniachia nani!" Mtu wa Asenovgrad aliyekuja Plovdiv kwa daktari wa meno alikuwa ameona karatasi, akampigia simu kumpa pole. Tsonka akapanda basi akiwa na viatu vya ndani.

Mlango wa fleti ukafunguka. Venelin akatokea, simu mkononi, anatabasamu kwa mteja. Mama akamtazama. Akamgusa uso wote, pua, masikio. Halafu akamzaba kofi ambalo lingeweza kufunga mlango wa basi.

"Uko hai, mwana haramu!"

"Mama, niko kazini..."

"Kazini! Nimeshamwita padri! Nimeshampigia shangazi yako Ujerumani, yuko uwanja wa ndege! Toa hizo karatasi, Vencho, nakwambia mimi mama yako, toa, utajiitia mauti!"

Akaahidi. Mbele yangu, mkono kifuani, akaahidi. Mhasibu, kwa taarifa yenu, akaichukua fleti palepale. Akasema nyumba ambayo watu bado wanaliliana ndiyo anayoitafuta. Baada ya mama kuondoka Venelin akashika shavu lake jekundu, akaninong'oneza, macho yanang'aa.

"Shangazi, umeelewa kilichotokea? Watu wanasimama. Wanasoma mpaka mwisho! Lini umeona mtu anasimama kusoma tangazo la dalali?"

Na hakutoa hata moja.

Jumatano asubuhi nikawa nimetoka sokoni, nikasikia Penka ananiita kutoka dirishani, sauti imepanda kama ya msichana. Nikaingia kwake mbio, nikidhani ameanguka.

"Amesoma! Zdravka, amesoma!"

"Nani?"

"Dimo! Alikuwa anapita na mkate wake, akasimama hapo mlangoni. Nikamwona kichwa tu. Akasimama sana. Akavua kofia, Zdravka! Akapiga ishara ya msalaba, akakaa hivyo kichwa wazi kwenye baridi. Halafu akaenda, akarudi na maua mawili, akayaweka chini mlangoni." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa aproni, akacheka. "Miaka kumi na mitano hakuwahi kumvulia Gancho kofia. Amevua leo."

Nami nikafurahi, naapa. Niliposhuka nikakuta hata ile ya gundi haipo, nikasema liwalo na liwe, imedumu angalau mpaka Dimo amepita, inatosha. Maua yalikuwepo, mawili, mekundu.

Kuanzia hapo Penka hakulala. Pilipili za kujaza wali, kwa sababu Dimo anazipenda. Maharage ya jungu. Ngano ya kuchemsha yenye sukari na karanga akaichambua mwenyewe punje kwa punje, miguu ndani ya beseni la maji moto. Akatoa kiti cha Gancho, akakifuta, akakiweka mkono wa kulia wa kiti chake. Akanituma nimletee chupa ya rakia nzuri, si ile ya Asparuh. "Akae hapa," akasema. "Hatutautaja ule mtungi. Akitaka auchukue akiondoka. Nimeshausugua."

Jumamosi ikafika. Kanisani tulikuwa mimi, Penka kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima, wajane watatu wanaohudhuria arobaini zote za mtaa, wawe wanamjua marehemu au hawamjui, na padri mwenye haraka. Penka alikuwa ameshika mshumaa mmoja wa ziada mkononi. Kila mlango ulipolia akageuka. Padri akamaliza, akakunja joho, akaenda kwenye ubatizo. Mshumaa ukarudi nyumbani vilevile, haujawashwa.

"Miguu yake nayo si mizuri," Penka akasema njiani. "Atakuja kwenye chakula."

Tukakaa mezani. Kiti cha Gancho kitupu. Wajane wakala, mimi nikawa natazama sahani. Saa sita. Saa saba. Penka hakugusa kitu. Kila mara alikuwa anazisogeza pilipili karibu na kile kiti, kidogo kidogo.

Kengele ikalia!

Penka akasimama mwenyewe, bila kushikwa, mimi shahidi. Nikaenda kufungua. Akaingia Venelin.

Suti nyeusi, ile ya picha. Maua meupe sita. Akambusu Penka mkono, akasema, "Mungu amsamehe," kwa sauti nzito, hata mjane mmoja akatoa leso. Penka akawa anatazama nyuma ya mabega yake, kama mwingine angetokea. Hakutokea. Basi akamkaribisha, maana mtu aliyekuja kwenye arobaini hafukuzwi, na kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu. Venelin akakaa juu ya kiti cha Gancho.

Akala pilipili nne. Akasifu wali. Akanywa rakia, kwanza akamwaga kidogo kwa ajili ya marehemu, vizuri, kama inavyotakiwa. Nikaanza kumtazama upya. Nikajiambia, Zdravka, una roho mbaya, ndugu wa damu hakuja, huyu kaja. Nilikuwa nimeshafikia nyota mbili.

Akajifuta midomo, akamgeukia Penka.

"Bibi Penka, samahani, sitaki kuharakisha majonzi. Lakini vyumba vitatu kwa mtu mmoja, na miguu hii... Nina familia nzuri sana ya madaktari. Wewe unaweza kwenda kwenye makao mazuri, kuna bustani, wanaimba. Mimi nashughulikia kila kitu."

Wajane wakaacha kutafuna.

"Umejuaje leo ni arobaini?" nikamwuliza. Niliuliza kwa upole, na mimi nikiuliza kwa upole watu wa jengo letu wanajua waondoe vyombo.

"Nilisoma karatasi, shangazi."

"Karatasi ipi? Karatasi haijakaa mlangoni hata asubuhi moja."

"Ndiyo, si nilikuwa naitoa?" Akasema hivyo kwa fahari, macho makavu kabisa, kama mwanafunzi aliyepata jibu. "Natoa zote, mtaa mzima, saa kumi usiku, kabla madalali wengine hawajaamka. Palipo na karatasi ya msiba, shangazi, baada ya miezi miwili mitatu pana fleti. Wenzangu wote wanasubiri matangazo ya nyumba. Mimi nasoma ya msiba. Hii hawafundishi semina, nimeibuni mwenyewe. Ile yenu ya gundi ya mbao ilinitesa kweli, ilibidi nije na maji ya moto."

Akacheka. Akatutazama mmoja mmoja, akisubiri tucheke.

Penka alikuwa ameweka mkono juu ya meza. "Jumatano," akasema. "Jumatano asubuhi, watu wanapoenda kununua mkate. Ilikuwepo?"

"Jumatano? Hapana, bibi, nilikuwa nimeshapita."

"Mlangoni palikuwa na nini?"

Venelin akafikiri. "Mimi," akasema.

Penka akauondoa mkono mezani. "Dimo," akasema, hakumwambia mtu yeyote, "alimvulia kofia huyu."

Nikanyoosha mkono mezani, kiganja juu. "Funguo za Rumyana."

"Lakini shangazi, mpangaji nimempata! Tena mzuri! Kwa wiki moja tu!"

"Mpangaji ni mzuri, tunamchukua. Wewe hatukuchukui. Rumyana aliniambia nimwambie kama wewe ni mtu au si mtu, na jioni hii namwambia. Weka funguo hapo, maliza hiyo pilipili, usije ukasema tulikufukuza na njaa msibani."

Akaziweka. Na mjue kwamba aliimaliza pilipili. Halafu akatushukuru kwa muda wetu.

Nikavaa koti nikaenda mtaa wa nyuma. Njia nzima nilikuwa natayarisha matusi ya Dimo, kwa sababu hasira yangu ilikuwa bado kubwa na Venelin hakuitosha. Miaka kumi na mitano kwa mtungi! Nikagonga. Akafungua mzee mwembamba, mabega ya Gancho, pua ya Gancho, fulana imevaliwa ndani nje.

"Zdravka? Kuna nini? Nani kafa tena?"

"Jumatano ulivua kofia mlangoni kwetu."

"Ndiyo. Kwa yule kijana." Akanipisha niingie. "Maskini. Sijui ni wa nani pale kwenu, macho yangu hayasomi maandishi madogo, lakini sura nimeiona. Mtoto mdogo vile! Nilishindwa kula siku ile. Nikajiambia, Dimo, mpumbavu wewe, vijana wanakufa, na wewe na Gancho mnagombea shaba. Nimeshanunua chupa, tazama." Akanionyesha chupa juu ya kabati, bado na utepe wa dukani. "Kesho Jumapili napanda kwake. Usimwambie. Nataka nione uso wake akinifungulia."

Matusi yangu yote yakaniisha. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, nikamwambia.

Hakulia. Aliuliza lini, nikamwambia lini. Aliuliza kama aliteseka, nikasema hapana, na hapo nilidanganya. Nikamwambia na lile neno la mshumaa. Akavaa koti juu ya ile fulana iliyogeuka, akachukua chupa, tukatoka.

Mlangoni kwetu tukamkuta Venelin. Upepo ulikuwa umebandua kona ya picha yake, naye alikuwa anaikandamiza kwa kiganja, mkoba umening'inia begani. Dimo akasimama. Akatazama karatasi. Akamtazama mtu. Akasogea karibu mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Si wewe uliyekufa?"

"Hapana, baba, hai kabisa!" Venelin akampa mkono, na meno yote. "Venelin Tsonkov, udalali na upangishaji. Unaishi peke yako?"

Dimo hakuushika ule mkono. "Na ya ndugu yangu iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Venelin hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama chini, akafungua mkoba. Zilikuwemo nyingi mle, za watu wengi. Akapekua, akatoa moja iliyokunjamana, nyuma bado ina gundi ya mbao.

Dimo akaipokea. Akavua kofia. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akasoma kwa sauti, neno moja moja, jina la nduguye, umri, jina la Penka, siku, mpaka mstari wa chini.

"Saa nne asubuhi," akasoma. "Zdravka, sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, Dimo."